Kuchagua Safari ya Jangwani Oman kwa Familia Yenye Wazee na Watoto

Wageni wakifika Muscat kutoka Unguja, Mombasa au Dar, wenyeji wao hawachelewi kusema: twende mchangani. Mchanga wenyewe ni Ramlat al-Wahiba, ambao siku hizi huitwa zaidi Sharqiya Sands, mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa njia ya Ibra. Vijana wakienda peke yao, kampuni yoyote yenye leseni na dereva mzuri itawafaa. Msafara ukiwa na bibi wa miaka 75 anayeumwa magoti, mama mjamzito na mjukuu wa miaka mitatu, hesabu inabadilika. Anza na aliye dhaifu kuliko wote, kisha tafuta kampuni itakayomtunza huyo bila kuwanyima vijana raha yao.

Umbile la jangwa hili linaruhusu jambo hilo. Upande wa kaskazini, karibu na Bidiyah, matuta ya mchanga yamelala kwa mistari mirefu kutoka kaskazini kwenda kusini, mengine yakikaribia mita 100 kwa urefu. Kati ya mstari na mstari kuna mabonde tambarare yenye njia za magari. Kwa hiyo omba magari mawili na njia mbili: moja lipande na kushuka matuta na vijana, jingine lipite bondeni polepole na wazee, watoto wadogo na mjamzito, kisha wote wakutane kambini au chini ya tuta la kutazamia machweo. Kampuni inayolijua eneo itakuelewa mara moja na kukwambia mtakutana wapi. Ikikujibu kwamba magari yote lazima yafuatane, achana nayo.

Usikubali kabisa gari moja peke yake kuingia ndani ya mchanga; hayo mawili, hata yakipita njia tofauti, yawe karibu kiasi cha kusaidiana. Gari likizama hadi ekseli, njia ya haraka ya kulitoa ni kuvutwa na jingine, na kumngojea msaidizi kutoka barabarani juani na mtoto mchanga si jambo la kujaribu. Kama ninyi ni watu wanne tu, uliza kama mtaongozana na gari la familia nyingine au la kambi.

Nani asipande matuta

Kupanda na kushuka matuta kwa kasi hurusha mwili juu na kuugonga chini tena na tena. Wasiopaswa kuwemo ni wajawazito, wenye maradhi ya moyo, maumivu ya mgongo au shingo, mifupa iliyodhoofika, na waliofanyiwa upasuaji karibuni, hata ule wa mtoto wa jicho ambao wazee wengi huuona mdogo. Mtoto anayehitaji kiti chake maalumu naye apite bondeni, na kiti hicho kifungwe barabara. Kumpakata hakumlindi: gari likisimama ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia. Uliza mapema kama kampuni ina viti vya watoto, kwa sababu wengi husema vipo na siku ya safari havionekani. Ukiweza, chukua chako.

Mpangilio wa viti nao una uzito. Land Cruiser au Nissan Patrol ya watalii huweza kubeba abiria sita mbali na dereva, na kampuni itapiga bei kwa hesabu hiyo. Hesabu yenu iwe wanne kwa gari: mmoja mbele, watatu katikati. Safu ya nyuma iko juu au nyuma ya ekseli, hivyo hurushwa kuliko zote na huleta kichefuchefu haraka, tena kuifikia lazima ujikunje kupita kiti kilichokunjwa. Mzee akae mbele. Gari hizi ziko juu, na aliyevaa buibui au mwenye goti bovu hupata shida kuinua mguu, basi omba kistuli cha kupandia na usiache kukumbusha.

Kinachomtambulisha dereva

Kampuni za utalii na waongozaji Oman hupewa leseni na Wizara ya Turathi na Utalii. Omba kuona leseni, na uulize kwa maandishi kama bima inawalinda abiria wakiwa nje ya lami. Hilo ni la msingi. Ustadi wa dereva utauona pembeni mwa barabara kabla ya kuingia mchangani.

Dereva makini husimama na kupunguza upepo wa matairi yote manne kwa kipimo, mara nyingi hadi kati ya psi 15 na 18. Tairi lililopungua upepo hutandaza uzito wa gari juu ya mchanga, kwa hiyo halichimbi. Anayekadiria kwa jicho au kwa teke la kiatu anabahatisha: upepo ukizidi gari linazama, ukipungua mno tairi huchomoka kwenye rimu gari linapokata kona kali. Mtazame pia anavyoufikia ukingo wa tuta. Mzuri hupunguza mwendo ili aone upande wa pili kabla ya kushuka, hushuka akiwa amenyooka, na hakati tuta kwa ubavu, maana gari lililoinama ubavu kwenye mteremko ndilo linalopinduka. Mwisho wa safari hujaza upepo kabla ya kurudi lami. Tairi laini kwenye mwendo wa barabara kuu hupata moto na kupasuka, na hapo hatari inawakuta wote, wazee na vijana.

Ndani ya gari muone mikanda ya viti inayofanya kazi kila kiti, mkanda wa kuvutia gari, koleo, vibao vya kukwamulia, pampu ya upepo, tairi la akiba, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza na bendera iliyo juu ya mlingoti mwembamba ili gari lionekane kutoka upande wa pili wa tuta. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa kila mtu kwa siku. Ndani zaidi mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo uliza wana simu ya setilaiti au redio gani. Namba ya dharura ya Oman ni 9999.

Faida moja ya Oman msiiache: Waomani wengi wanazungumza Kiswahili, na miji ya Sharqiya kama Ibra na Al Mudhayrib ina koo zenye historia ndefu na Unguja. Mwombe mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Bibi akiweza kusema mwenyewe "mwanangu, punguza mwendo" bila kumtafuta mkalimani, atasema mapema.

Kambi, dawa na saa

Uliza kambi iko kilomita ngapi ndani ya mchanga. Nyingine ziko kilomita chache tu kutoka lami, nyingine zaidi ya thelathini, na mtu akiugua usiku, umbali huo huongezeka kwenye njia ya hospitali ya Ibra. Kisha uliza choo: kiko ndani ya hema au nje, ni hatua ngapi, ni cha kukaa au kuchuchumaa, na njia yake ina taa? Picha za kambi hazionyeshi choo. Kitanda cha chini sana humtesa mwenye nyonga mbovu. Chakula cha usiku kambini huweza kuchelewa, na mwenye kisukari hawezi kusubiri wengine, basi agizeni chake mapema. Insulini iwekwe kwenye mfuko wa baridi, isigusane na barafu wala kuachwa garini juani.

Dawa ya kichefuchefu humezwa nusu saa hadi saa moja kabla. Nyingi huleta usingizi, na wenye presha ya macho au tezi dume wamuulize daktari kwanza.

Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo mpandaji hutupwa mbele ghafla. Watoto hucheka, lakini mwenye nyonga au mgongo mbovu asipande. Pikipiki za magurudumu manne msiwape watoto, hata kama muuzaji anasema hakuna tatizo.

Nendeni kati ya Novemba na Machi. Majira ya kiangazi joto huweza kupita nyuzi 45, na hakuna sababu ya kumpeleka mzee huko. Usiku wa Desemba na Januari una baridi, chukueni masweta. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kwa hiyo muwe mchangani kufikia saa tisa. Magharibi itawakuta hapo hapo tutani, basi garini pawe na mkeka na maji ya udhu. Safari ya kuvuka mchanga wote hadi Bahari ya Arabu, siku nzima au zaidi, waachieni vijana.

Kabla ya kulipa amana, tuma ujumbe huu: "Tuko wanane: wazee wawili, mmoja mjamzito, mtoto wa miaka mitatu, vijana wanne. Tunataka magari mawili yetu pekee, moja lipite bondeni, wanne kila gari, kiti cha mtoto, kambi karibu na lami, choo cha kukaa ndani ya hema. Bei ni ya gari au ya mtu?" Kampuni nzuri itakurudishia maswali: umri, magonjwa, nani anashindwa kutembea. Inayojibu "hakuna shida" pamoja na namba ya akaunti, endelea kutafuta nyingine.