Oda ya Julai huanza Februari: kuipa karakana ya sabuni ya mwani lengo moja

Katika karakana ndogo ya sabuni ya mwani, mpishi huhesabu mipiko, mkataji vipande, mfungaji maboksi, na muuzaji oda alizoshika. Wote wanne wanaweza kumaliza mwezi wakijisifu na mteja asipate mzigo wake. Kwa hiyo kubalianeni namba moja tu: vipande vilivyopokelewa na mteja, siku iliyoahidiwa, bila kurudishwa. Kilichopo kwenye rafu hakihesabiwi.

Tuchukue oda ya mfano: vipande 450 vya gramu 100, vifike maduka ya Paje na Nungwi, Unguja, tarehe 1 Julai, msimu wa watalii unapochanganya.

Ifanyeni oda kuwa kazi ya mikono

Sabuni hupungua uzito ikikauka, hivyo kipande cha gramu 100 kikatwe gramu 115. Mpiko wa kilo 10 za mafuta ya nazi hutoa vipande 120, makombo ya ncha na yanayogandia sufuria yakishaondolewa. Mipiko minne ni 480, yaani akiba ya 30. Kila mpiko unataka:

- mafuta ya nazi kilo 10
- kostiki soda gramu 1,460
- maji kilo 3
- unga wa mwani gramu 200

Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Hapa tumepunguza asilimia 20 makusudi, kwa sababu sabuni ya nazi tupu isiyobakishiwa mafuta hukausha ngozi. Mtu asiongeze kostiki ili igande upesi, mzigo utarudi. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na mpishi avae glavu na miwani.

Hesabuni kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo oda nyingi hufia. Sabuni hii hutaka wiki 4 za kukauka rafuni, na hewa ya masika ikiwa nzito tengeni 6. Mkitoa siku 3 za kufunga na moja ya kusafirisha, mpiko wa mwisho ni tarehe 15 Mei. Mkipika siku moja na kupumzisha fremu za kumwagia sabuni siku moja, wa kwanza ni tarehe 9 Mei. Mwezi huo mvua bado ipo, mwani haukauki.

Kwa hiyo mwani wa Julai uvunwe Februari, jua la kaskazi likiwa kali. Mipiko minne inataka gramu 800 za unga: kama kilo moja ya mwani mkavu, sawa na kilo 8 hadi 10 mbichi. Si mwingi, lakini una siku zake. Wakulima huvuna maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na mkikosa bamvua hilo mnangoja kama wiki mbili. Mwani wa aina ya spinosamu watosha, aina ya kotonii ina bei zaidi lakini hufa maji ya bahari yakipata joto. Suuzeni kwa maji ya bomba kutoa chumvi na mchanga, anikeni kwenye chanja, sageni, chekecheni, kisha fungeni kwenye ndoo yenye mfuniko.

Anayenunua mwani ajue habari ya oda siku ile ile muuzaji anapoipata. Na muuzaji asimwahidi mtu kabla hajatazama ubaoni vipande vingapi vinakauka na vitakomaa lini.

Ubao

Utundikeni pale watu wanapovulia viatu, si ofisini. Juu kabisa: 450, 1 Julai. Chini yake, kwa kila mpiko: namba ya mpiko, saa ya kumwaga, saa ya kukata, uzito wa vipande vitano vilivyochukuliwa bila kuchagua, vilivyokataliwa na kwa nini.

Saa ya kumwaga ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Sabuni ya nazi huwa ngumu haraka; isipokatwa ndani ya saa 6 hadi 12 huvunjika vipande vipande. Mpishi akimwaga saa mbili asubuhi, mkataji anakata saa nane mchana mpaka saa kumi. Akimwaga alasiri, mkataji anaikuta kesho imekuwa jiwe, na lawama inamwangukia yeye. Mara nyingi mpishi ni mtu mzima na mkataji ni kijana, na kijana hatamwambia mtu wa umri wa mama yake kuwa amechelewa. Usimlazimishe. Saa ikiandikwa ubaoni, anachohitaji kusema ni: "Mama, ubao unasema saa mbili, nikuletee maji?"

Kikao cha asubuhi ni dakika kumi, watu wamesimama. Aanze mfungaji, amfuate mkataji, kisha mpishi, kisha wa mwani. Kila mmoja aseme anachotaka kutoka kwa aliye kabla yake katika kazi. Msimamizi awe wa mwisho.

Malipo

Mkilipa kwa kipande kilichokatwa, visu vitakata vyembamba. Kipande cha gramu 105 kitashuka hadi kama 91, na karatasi inasema 100. Mkilipa kwa boksi, mfungaji atafunga sabuni mbichi, itatoa jasho na karatasi itaganda. Kipimo chake: pimeni kipande kile kile kila wiki; kikipungua chini ya gramu moja, kimekauka. Ni bora ujira wa kawaida kwa kila mtu, na juu yake bahshishi moja, sawa kwa wote, mzigo ukipokelewa kamili. Waonesheni pia bei ya kipande inakwenda wapi: mafuta, kostiki, karatasi, ujira, kinachobaki. Aliyeona mafuta yanavyokula fedha hamwagi ovyo.

Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ikiangukia siku za kupika, mwageni saa moja asubuhi na msipange zaidi ya mpiko mmoja kwa siku.

Vilivyokataliwa vikunwe na kuyeyushwa upya, viuzwe kwa jina lingine. Visiingizwe kwenye zile 450.