Maji Kwanza, Miche Baadaye: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamishia Nyanya Shambani

Mtu akisema miche yake ya nyanya imekufa wiki ya kwanza baada ya kuhamishwa, wenzake humjibu haraka kwamba hakumwagilia. Mara nyingi alimwagilia sana tu, ila maji yalikwenda kwenye mfereji, katikati ya matuta au juu ya majani, huku mizizi ikiwa pengine. Mche uliotoka kwenye trei umebeba mizizi yake yote ndani ya kibonge kidogo cha udongo kama yai la kwale. Siku za mwanzo haunywi nje ya hapo, na kibonge hicho hukauka haraka kuliko udongo unaokizunguka. Unaweza kuchimba hatua moja pembeni ukakuta unyevu mzuri kabisa, na mche umekufa kwa kiu. Kwa hiyo kabla hujaenda Tengeru, karibu na Arusha, au kwa jirani mwenye kitalu kuchukua miche, panga kwanza maji yatakavyofika kwenye kibonge hicho.

Anza na hesabu, maana hapa ndipo wengi hukwama mchana kweupe. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mche na mche, robo eka inachukua miche kama 2,250. Kila mche ukipewa nusu lita, mwagilio mmoja unakula lita 1,125, yaani simtanki la lita 1,000 linakauka kabla hujamaliza mistari ya mwisho. Siku ya kupanda ni zaidi ya hapo: shimo linahitaji karibu lita moja kabla ya mche kuingia, na nusu nyingine baada ya kufukia. Kwa anayetumia ndoo, ya lita 20 inanywesha miche 40, basi robo eka ni ndoo 57 kila unapomwagilia. Kama mto uko bondeni na wabebaji ni wewe na mama watoto, punguza miche kabla ya kuinunua. Miche mia tano iliyoshiba maji itakulipa vizuri kuliko elfu mbili zinazogombania ndoo.

Wanaotegemea mifereji, iwe mifongo ya Wachagga juu ya Moshi au mifereji inayoshuka kutoka Mlima Meru, wana jambo la ziada: zamu. Zamu ya mara moja kwa wiki inatosha mgomba na kahawa, lakini nyanya iliyohamishwa jana haiwezi kuisubiri. Ongea mapema na anayegawa maji ujue siku yako, kisha lowesha shamba siku hiyo na upande siku moja au mbili baadaye, udongo ukiwa umelowa kwa kina lakini haugandi kwenye jembe. Maji ya siku zinazofuata yawe tayari kwenye mapipa au kwenye shimo lililotandikwa turubai. Anayetaka kuvuta maji mtoni kwa pampu naye aulizie mapema habari za kibali kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi. Kusimamishwa na pampu yako huku miche iko shimoni ni hasara ya kujitakia.

Mfereji una ubaya mwingine usiosemwa sana. Maji yanayopita shamba hadi shamba hubeba mnyauko wa bakteria, na ugonjwa huo ukishaingia hauna dawa ya kuuponya. Kama aliye juu yako nyanya zake zinasinyaa zikiwa bado za kijani, kata shina moja karibu na mzizi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka ndani ya glasi, ni bakteria hao. Msimu huo usipitishe maji yake kwenye matuta yako. Angalia pia kilichopandwa hapo kwako mwaka jana na juzi. Hoho, biringanya, nyanya chungu, viazi mviringo na hata mnavu ni ukoo mmoja na nyanya, na wanaachiana magonjwa kwenye udongo.

Sasa udongo wenyewe. Bwana shamba atakuambia ni tifutifu, kichanga au mfinyanzi, lakini jina peke yake halikuonyeshi maji yatakwenda wapi. Fanya hivi: chagua mahali pawili au patatu, mwaga lita moja polepole mahali pamoja, subiri nusu saa, kisha chimba pembeni ukate udongo wima kama unayekata mkate. Kwenye kichanga utaona unyevu umeshuka chini kwa mstari mwembamba, kwa hiyo utamwagilia kidogo kidogo, mara nyingi. Kwenye udongo mzito mweusi wa tambarare unyevu umetanuka pembeni na kubaki juu, na ukizidisha maji, mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza. Huko panda juu ya tuta. Zoezi hili ni la asubuhi moja na halina gharama, na sijui kwa nini watu huliruka.

Kimo cha mahali nacho kinabadilisha ratiba. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini karibu mita 1,400. Januari na Februari, ukishuka kuelekea Kahe, jua litakausha kibonge kati ya asubuhi na alasiri, na mche unaweza kuhitaji maji mara mbili kwa siku. Juni na Julai, Arusha ikiwa na mawingu na baridi, kiasi kilekile kitauozesha mche na kualika ukungu. Masika ndiyo usiseme: kazi yako wakati huo ni kuyaondoa maji, kwa matuta marefu na njia za kuyatoa shambani.

Wenye mipira ya matone wasijione wamemaliza. Ifungulie kabla hujapanda, uweke vikopo vinavyofanana chini ya matundu ya mwanzo, katikati na mwisho wa mistari, uache kwa nusu saa, kisha ulinganishe. Kama cha mwisho kina nusu ya cha kwanza, safisha kichujio, inua tangi au punguza urefu wa mistari. Maji ya mfereji hubeba tope laini linaloziba matundu, kwa hiyo yatulie kwenye pipa kabla ya kupandishwa kwenye tangi. Halafu subiri uone duara za unyevu zilipotokea, na uchimbe mashimo yako humohumo, jirani na tundu. Watu hupima mashimo kwa kamba kwanza na kulaza mpira baadaye, tone linaangukia upande na mche unaachwa ukiyaangalia maji kwa mbali.

Miche izoezwe kabla ya kutoka kitaluni. Siku saba hadi kumi za mwisho uiondolee kivuli taratibu na kuipunguzia maji, bila kuiacha inyauke hadi kulala. Lakini siku ya kuhama, saa moja hivi kabla, trei iloweshwe mpaka maji yachuruzike chini. Kibonge kikiingia shimoni kikavu, maji unayomwaga baadaye hukizunguka tu bila kuingia ndani. Shina la nyanya hutoa mizizi likifukiwa, hivyo mche mrefu unaweza kuuzika hadi karibu na majani ya kwanza. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, ni tofauti: kiungo kibaki juu ya udongo.

Mbolea ya kupandia ndiyo hudanganya watu. Kizibo kimoja cha soda cha DAP kinatosha shimo, na kifunikwe udongo wa unene wa vidole vitatu ili mizizi isiiguse. Mizizi ikiungua, majani husinyaa na kukauka kingo, dalili zilezile za kiu, na mkulima huzidisha maji akidhani anaokoa. Samadi iwe imeoza kabisa. Ikiwa bado inatoa joto, isiingie shimoni.

Fito za kusimamishia nyanya ndefu uzichomeke kabla ya kupanda, usije ukapasua mizizi wiki tatu baadaye. Matandazo nayo yawe yamekusanywa: majani makavu ya migomba, mabua, au pumba za mpunga kwa walio karibu na skimu za Moshi chini. Yaache wazi upana wa kiganja kuzunguka shina, kwani sota, wale viwavi wanaokata miche, hupenda kujificha penye unyevu uliogusa mche.

Panda jioni, jua likiwa limepoa. Kama soko lako ni Tengeru, usipange Jumatano wala Jumamosi, siku za soko hilo. Vibarua hutawapata, na miche itakusubiri kwenye gari. Anayemwagilia kwa mpira uliolala juani ayaachie kwanza yale maji ya moto yaishe. Kopo la nusu lita ni bora kuliko keni yenye kichwa cha manyunyu, kwa sababu linakuwezesha kumimina taratibu usawa wa shina bila kulowesha majani, na majani yanayolala mabichi ndiyo mlango wa ugonjwa wa bakajani.

Amueni mapema nani atamwagilia na kwa mpango gani, hasa kama utamwachia kijana wa shamba. Siku tatu nne za kwanza, kila asubuhi, maji yaingie shingoni mwa mche. Mwambie kwamba kusinyaa saa saba mchana na kuamka jioni ni kawaida, asikimbilie kopo. Mche uliosinyaa saa kumi na mbili asubuhi ndio wa kushughulikiwa. Majani mapya yakitokea, aanze kusogeza maji nje kidogo kidogo kwa kupanua kisahani cha udongo kinachozunguka mche, akiongeza kiasi na kupunguza siku, ili mizizi ifuate unyevu chini na pembeni. Kabla ya kumwaga achimbe kina cha kidole pembeni ya mche: udongo ukishikana mkononi, asubiri kesho.

Na ukinunua miche, ongeza mmoja katika kila kumi. Ibaki kwenye trei kivulini, ikipewa maji kila siku, uzibie mapengo ndani ya wiki ya kwanza. Ukiziba baada ya hapo, mche mdogo utapewa ratiba ya maji ya wakubwa wake.