Seva ya mfumo wa duka: chagua mahali unapoweza kuhama jioni moja

Mwenye duka akiamua kuachana na daftari, swali lake la kwanza huwa ni seva, yaani kompyuta itakayobeba mfumo, ni bei gani. Mimi huanza na lingine: siku tukitaka kuondoka hapo, tutatumia muda gani? Jibu likiwa jioni moja, natulia. Bei ikipanda au kampuni ikifunga milango, tunafungasha na kuhamia kwingine. Mfano wangu hapa ni duka la vifaa vya ujenzi la Mwanza lenye matawi mawili, Nyakato na Buzuruga. Lina watumiaji watano, na mfumo unabeba mauzo, stoo na madeni ya wateja.

Hatua ya 1: Hesabu kazi kabla ya kuuliza bei

Kaa kaunta siku nzima, au pekua vitabu vya risiti vya mwezi uliopita. Duka hili lilikuwa linatoa risiti kama 300 kwa siku. Ukikadiria KB 2 kwa kila risiti pamoja na mistari yake, mwaka mzima haufiki MB 250. Kwa siku ya saa 10, ni risiti moja kila dakika mbili. VPS (seva pepe unayokodi na kuisimamia mwenyewe) yenye RAM ya GB 2 na diski ya GB 40 inabeba kazi hii bila kuhema. Kinachojaza diski ni picha za bidhaa na logi (rekodi za matukio ya mfumo) ambazo hakuna anayezifuta, kwa hiyo zipangie utaratibu mapema. Ukishauriwa kuchukua seva kubwa zaidi, omba uoneshwe hesabu.

Hatua ya 2: Amua duka litauzaje mtandao ukikatika

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, kwa sababu fundi aliyepakia saruji kwenye lori hasubiri intaneti irudi.

Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mkato ulikuwa upande wa kusini, kwenye njia ya kwenda Afrika Kusini. Laini ya pili ya kampuni nyingine ya simu ni kitu kizuri, iweke, lakini siku kama ile laini zote mbili zinaweza kuwa zinategemea mkongo uleule.

Njia ni mbili. Unaweza kuweka seva ndogo dukani pamoja na UPS, betri inayoishika umeme ukikatika. Inafaa duka moja lisilo na tawi, ila vumbi, joto na wezi viko nayo chumba kimoja. Au unaweka seva mbali, na skrini ya mauzo inahifadhi risiti kwenye kompyuta ya kaunta kisha inazituma mtandao ukirudi. Tulichagua ya pili, kwa sharti moja: mtandao ukiwa haupo, mauzo ya taslimu yanaendelea ila mkopo mpya hautolewi. Mteja anaweza kuwa amekopa Buzuruga asubuhi hiyohiyo, na Nyakato hawana habari. Sharti hilo liandikwe ndani ya programu yenyewe. Usiliachie kumbukumbu ya muuzaji.

Hatua ya 3: Upangishaji wa pamoja au VPS

Upangishaji wa pamoja, yaani kutumia seva moja na wateja wengine kupitia paneli kama cPanel, ni rahisi na kampuni ndiyo inayosasisha mashine. Kwa tovuti ya kuonesha bidhaa, unatosha. Kwa mfumo wa mauzo unabanwa: huchagui toleo la hifadhidata, na jirani yako akielemea mashine nawe unapungua kasi. VPS inakupa uhuru, lakini lazima awepo mtu wa kuisasisha. Kama mtu huyo hayupo, chukua ya pamoja au lipia huduma inayosimamiwa. VPS isiyoguswa mwaka mzima ni mlango ulioachwa wazi.

Mimi naweka Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi), PostgreSQL (hifadhidata), na cheti cha Let's Encrypt kinacholinda mawasiliano na seva. Cheti hicho hakilipiwi, ila hudumu muda mfupi, siku 90 au pungufu, kwa hiyo hakikisha kinajihuisha chenyewe.

Hatua ya 4: Mahali

Ndani ya nyuzi za mkongo, kila kilomita 1,000 huongeza takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, ombi moja (kompyuta kuiuliza seva na kujibiwa) linaweza kuchukua milisekunde 150, na hakuna atakayeligundua. Lakini ukurasa wenye maombi 20 yanayosubiriana unakula sekunde 3, mteja akiwa amesimama kaunta. Punguza kwanza maombi, ndipo ufikirie kuhamisha seva. Kati ya wakodishaji wakubwa wa seva, AWS ya Amazon wapo Cape Town tangu 2020, Azure ya Microsoft wapo Johannesburg tangu 2019. Kampuni za hapa nyumbani zina faida ya kulipwa kwa shilingi. Bili ya dola hutegemea kadi, na kadi ikikataliwa bila mtu kugundua, seva huzimwa.

Mfumo ukihifadhi majina na simu za wateja, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Kenya wana yao ya 2019.

Hatua ya 5: Domeni (jina la anwani ya tovuti) iwe ya mwenye duka

Niliwahi kumpokea mteja ambaye domeni yake ilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyemtengenezea tovuti. Kijana alihama mji. Domeni ilipokaribia kuisha, vikumbusho vyote vilikwenda kwake. Tulilazimika kuchukua jina jipya, na anwani ya zamani ilikuwa imechorwa ubavuni mwa malori yake yote. Iliniuma, kwa sababu kuzuia lile kungechukua dakika kumi tu. Akaunti ya domeni na ya seva zisajiliwe kwa barua pepe na simu ya mwenye duka. Wewe fundi upewe ruhusa ya kuingia, basi.

Hatua ya 6: Bakapu (nakala ya akiba) nje ya kampuni hiyohiyo

Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliopoteza data pamoja na bakapu, kwa kuwa vyote vilikaa sehemu moja. Kila usiku toa nakala ya hifadhidata, hapa inaitwa duka:

`pg_dump -Fc duka > duka.dump`

Isimbe ili asiye na ufunguo asiweze kuisoma, kisha itume kwa kampuni nyingine. Tunza za siku 14, na moja ya kila mwezi.

Hatua ya 7: Fanya zoezi la kuhama

Fanya hivi kabla ya kulipia mwaka mzima. Kodisha seva kwa kampuni nyingine inayotoza kwa saa. Zima utumaji wa SMS za madeni kwanza, la sivyo wateja watadaiwa mara mbili. Weka programu, simbua bakapu, kisha rudisha data:

`createdb duka && pg_restore -d duka duka.dump`

Linganisha namba ya risiti ya mwisho na jumla ya madeni na zile zilizokuwepo bakapu ilipochukuliwa. Zikilingana, andika ulitumia saa ngapi, mpe mwenye duka karatasi hiyo, kisha futa seva ya zoezi. Ina majina na madeni ya watu. Siku ya kuhama kweli, shusha TTL ya domeni (muda ambao mitandao hukumbuka seva ya zamani) hadi sekunde 300 siku moja kabla, na uhame baada ya duka kufungwa.