Jinsi ya Kulea Jogoo wa Milia: Kuanzia Kifaranga Hadi Kuamua Nani Abaki Bandani

Mwongozo huu unahusu majogoo wa Plymouth Rock wa milia, kuku wenye asili ya Massachusetts nchini Marekani, walioingizwa katika kitabu cha viwango vya kuku cha nchi hiyo mwaka 1874. Ninawafuga Busia, upande wa Uganda, na karibu kila mgeni afikaye bandani huuliza kwanza habari ya rangi. Mimi huanza na tabia, kwa kuwa jogoo mzuri wa manyoya lakini mkali huwafanya watoto waogope kwenda kuokota mayai.

Hatua ya 1: Mkague kabla ya kulipa

Jeni inayochora milia hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, hivyo jogoo huirithi kwa baba na kwa mama, ilhali mtetea huirithi kwa baba peke yake. Ndiyo sababu jogoo halisi huwa na rangi ya majivu iliyofifia, mstari mweupe na mweusi vikikaribia kulingana kwa upana, na mtetea huonekana mweusi zaidi. Ukionyeshwa jogoo mweusi sawa na mitetea yake, elewa kwamba huenda amebeba jeni hiyo mara moja tu, yaani mmoja wa wazazi wake hakumpa jeni hiyo. Mimi nilinunua wa namna hiyo siku ya gulio, nikihakikishiwa kwamba hakuchanganywa. Takriban nusu ya matembe aliowazaa walitoka weusi watupu, nami nikapoteza msimu mzima.

Kwa vifaranga wa siku moja, tazama doa jeupe utosini: kwa dume huwa pana na limetawanyika, kwa jike huwa dogo lenye mpaka ulio wazi. Kipimo hiki hukosea mara mojamoja, kwa hiyo usiwauze majike mapema.

Hatua ya 2: Walee mapora bila haraka

Wiki ya kwanza joto la mahali pa kulelea liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, kisha lipunguzwe kwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Maganda ya kahawa yaliyokauka vizuri hufaa sana kutandikwa chini, mradi yageuzwe na kubadilishwa yanapolowa, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapoanza. Mukene, yaani dagaa wadogo wa ziwani, ni chanzo kizuri cha protini, ila uliokaushwa ardhini huja na mchanga mwingi, kwa hiyo uchekeche kabla ya kuusaga. Usiwape mapora chakula cha kuku wa mayai, kwa sababu wingi wa chokaa uliomo huharibu figo za ndege asiyetaga. Chanjo ya mdondo isisahaulike. Ile ya tone la jichoni hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Hatua ya 3: Pima tabia kuanzia mwezi wa nne

Plymouth Rock husifiwa kwa upole, na sifa hiyo kwa jumla ni ya kweli, lakini upole wa aina nzima haumdhamini pora mmoja aliye mbele yako. Kati ya miezi 4 na 6, anapoanza kuwika na upanga wake kuwa mwekundu, mwangalie anavyokukaribia. Akicheza ubavu-ubavu huku akiburuza bawa moja, au akitimua manyoya ya shingo na kukukazia macho, anakupima kama jogoo mwenzake. Usimpige teke, kwani teke kwake ni kukubali pambano. Endelea kutembea kuelekea alipo mpaka apishe njia. Akirudia, mkamate, mbebe kwapani kwa dakika kadhaa huku ukiendelea na kazi, kisha mwachilie akiwa ametulia.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba pora aliyezoeshwa kubebwa na kulishwa mkononi tangu utotoni mara nyingi ndiye anayekuwa mkorofi, kwa sababu amepoteza woga wa binadamu kabla ya kujifunza adabu. Ninawaacha wangu wakue kati ya mitetea wakubwa, ambao huwaonya kwa midomo kila wanapovuka mpaka. Anayemrukia mtu kwa vipi vyake, ile miiba ya nyuma ya miguu, mara mbili haendelei kuzaa kwangu, hata awe na mkia wa namna gani.

Hatua ya 4: Chagua kwa manyoya

Subiri hadi miezi 8 hivi, manyoya ya shingo, ya kiuno na yale marefu ya mkia yaliyopinda kama mundu yawe yamekamilika. Fungua bawa, kisha pekua unyoya hadi chini: milia iendelee mpaka karibu na ngozi. Mistari myembamba iliyonyooka hutokana na manyoya yanayoota polepole, kwa hiyo pora anayevaa haraka kuliko wenzake mara nyingi huwa na mistari iliyovurugika. Wekundu wa shaba mgongoni unaweza kuwa kazi ya jua tu. Weka kivuli na umtazame tena baada ya kunyonyoka.

Hatua ya 5: Mpe kazi

Jogoo mmoja atoshe mitetea 8 hadi 10. Kwa kuwa ni mzito, ulingo wake usizidi nusu mita kutoka chini, maana kuruka kutoka juu kila asubuhi huumiza nyayo zikavimba. Kipi kikirefuka, kata ncha tu na uilainishe kwa tupa, la sivyo atachana migongo ya mitetea.

Wapole waliokosa milia safi ninawauzia wanaotafuta jogoo wa kumpelekea muko, yaani kaka wa bibi harusi, siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha kwa wakwe, ambako mkia mzuri hutosha. Mkali simuuzi akiwa hai. Huyo huishia chunguni kwangu mwenyewe.