Somo: Kununua gari kwa pesa taslimu, bila mkopo

Wakuu, gari langu la kwanza nililichukua kwa mkopo, la pili nimelilipa taslimu. Sitamani kurudi kwenye ule mkopo, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mkopo, hata kama huutaki. Tuseme unakopa 10,000,000 ya fedha yoyote kwa miezi 48, riba asilimia 15 kwa mwaka. Riba ikitozwa kwenye deni lililobaki, utalipa kama 278,300 kila mwezi, jumla takriban 13,359,000. Ikitozwa kwenye kiasi chote ulichokopa mpaka mwisho, riba peke yake ni 6,000,000. Na asilimia ni ileile 15! Kwa hiyo uliza: "Mpaka namaliza, nitakuwa nimetoa kiasi gani?" Wakopeshaji wengi watakudai pia bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe.

Hatua ya 2: Jilipe rejesho mwenyewe. Fungua akaunti ya pembeni, mshahara ukiingia tu weka 278,300 ileile. Miezi 36 inakupa 10,018,800, mwaka mzima kabla ya mwenye mkopo kumaliza deni. Ukishindwa miezi ya mwanzo, shukuru umejua kabla hujasaini. Akiba ya dharura usiiguse, hiyo ina kazi yake.

Hatua ya 3: Usimalize pesa yote kwenye bei. Kuna usajili, bima, matairi, sevisi ya kwanza. Mimi nilitenga asilimia 15.

Hatua ya 4: Ukaguzi. Hapa msiwe na haraka. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, hutasikia injini inavyowaka ikiwa baridi. Muuzaji mmoja aliniambia ametoka nalo dukani sasa hivi. Nikasubiri saa mbili, likawashwa: moshi wa bluu, yaani injini inakula oili. Nikaaga. Fungua pia kifuniko cha oili. Ukikuta ute mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye injini. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya chasi ilingane na ya kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Na fundi awe wako, si wa muuzaji.

Hatua ya 5: Malipo. Msibebe mabunda ya noti. Hamisha benki kwa benki, muandikishane mbele ya mashahidi, kadi ibadilishwe jina.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikisubiri miaka mitatu bei si itakuwa imepanda?*
Inaweza kupanda. Lakini gari unalolitamani leo nalo litakuwa limezeeka miaka mitatu, na gari likizeeka kwa kawaida bei yake hushuka. Bei ikikukimbia, chukua la chini yake.

*Muuzaji anasema taslimu au mkopo, bei ni ileile. Kweli?*
Yawezekana. Wauzaji wengine hupewa kamisheni na mkopeshaji, kwa hiyo taslimu yako haiwasisimui. Patana bei kwanza, namna ya kulipa utaje baadaye.

*Nina mkopo tayari, umebaki mwaka mmoja. Niumalize kwa akiba?*
Omba kwanza barua ya salio, ikionyesha na faini ya kulipa mapema. Linganisha na jumla ya marejesho yaliyobaki. Tofauti ikiwa ndogo, bakiza akiba yako.

*Kaka, mimi gari ndilo litakaloniletea riziki. Miaka mitatu nitakula nini?*
Wewe dada, kopa, sitakudanganya. Ila ukiweza toa nusu taslimu, nusu ukope kwa miezi 24. Kwa riba ileile ya deni linalopungua, 5,000,000 inakuwa rejesho la kama 242,400 kwa mwezi, na riba yote haifiki 820,000. Ule mkopo wa hatua ya kwanza ulikuwa unakula zaidi ya 3,300,000.