Jinsi ya kutochanganya vyeo vya mabwanyenye wa Uingereza

Kama hivi vyeo vinakuchanganya anza hivi, familia ya mfalme iweke pembeni kwanza, halafu panga kutoka juu: duki, makwesi, eli, vaikaunti, baroni, ndo hivyo vitano tu. Mke wa eli ni kauntesi, maana eli ni neno lao la kale na halina la kike, wakakopa la Kifaransa 😂 Duki muite duki, hao wanne wengine ukiongea nao ni lodi tu. Watu wanachemkaga kwenye Sir, cheo cha heshima ambacho hakimo kwenye hivyo vitano, hiyo inakaa na jina la kwanza, kwa hiyo mwanariadha Mo Farah aliyepewa 2017 ni Sir Mo, sio Sir Farah, na hiyo yake mtoto harithi.