Kabla hujatoka na darubini: maandalizi ya kutazama na kupiga picha nyota Mtwara na Lindi

Karibu kila anayeniuliza darubini ya kununua huanza na swali hilohilo: inakuza mara ngapi? Nami humuuliza anakaa wapi. Anayekaa Shangani, mita chache kutoka baharini, na anayekaa Newala juu mlimani hawahitaji mzigo uleule, ingawa wote wanatazama nyota zilezile.

Anza na kalenda, maana hiyo haina gharama. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wazee walishaweka alama yake angani, kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Miezi ya kazi ni Juni hadi Oktoba. Juni hadi Agosti ndiyo bora kwa Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota unaokata anga, kwa sababu Mtwara na Lindi ziko digrii 10 hivi kusini mwa ikweta, na kitovu cha Njia Nyeupe, pale kati ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, hupanda hadi digrii 70 na ushei juu ya upeo. Aliyeko Ulaya hukiona kikitambaa juu ya mapaa. Sisi kinatupita karibu na utosi.

Kisha tazama mwezi. Nyota hafifu zinataka usiku wa giza, na usiku wa giza una wenyewe: wavuvi wa dagaa nao huungojea ili taa zao zivute samaki. Ukitaka picha ya Njia Nyeupe ikichomoza baharini, tarajia msururu wa taa upeoni. Wengine huzipenda katika picha, na mimi ni mmoja wao, lakini ukitaka giza tupu geukia kusini au panda bara. Jambo la pili watu hulisahau: mwezi mwandamo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Saa 3 usiku utafika ufukweni ukute mchanga mkavu hadi mbali, kwa kuwa maji yanakupwa. Karibu saa 10 alfajiri yanakuwa yamejaa hadi juu. Simika vifaa juu ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji ya jana, hata kama hapo chini panapendeza zaidi.

Sasa kununua. Kwa mwanzo ningeshauri darubini ya macho mawili yenye alama 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Tandika mkeka, lala chali, egemeza viwiko kifuani. Ukiwa umetulia utaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii imejipanga kama shanga, na Kilimia ambacho kwa macho matupu ni nyota sita au saba kitafunguka kuwa kadhaa wa kadhaa. Usiku wa namna hiyo ukirudiwa mara kumi, utajua kama moyo wako uko kwenye kazi hii kabla hujatoa fedha kubwa.

Darubini ya mrija hupimwa kwa upana wa lenzi au kioo chake. Kipimo cha kukuza kwa faida ni takriban upana wa milimita mara mbili, kwa hiyo darubini ya milimita 60 ikizidi mara 120 inakuonyesha ukungu tu. Boksi likiandikwa mara 525, liache dukani. Kiasi cha kukuza unakipata kwa kugawa urefu wa fokasi ya darubini kwa ule wa kijilenzi cha jichoni: darubini ya milimita 1200 ikitiwa kijilenzi cha 25 inakuza mara 48, na hapo pete za sayari ya Zohali tayari zinaonekana. Darubini ya kioo cha milimita 150 iliyokaa kwenye sanduku la mbao linalozunguka, aina ya Dobson, ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa mtu wa kwetu anayetaka kutazama. Haina mota ya kufa wala umeme wa kuutafuta.

Anayetaka kupiga picha ndefu ana kazi nyingine, na hapa nawaomba msome polepole. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, basi nyota huchora mstari kwenye picha kama kamera haizifuati. Ili kuzifuata, stendi yenye mota lazima mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanataja nyota ya kaskazini, Polaris. Sisi hiyo haipandi juu ya upeo. Ncha yetu ni ya kusini, na imekaa chini mno, digrii 10 tu. Nyoosha mkono wako mbele, kunja ngumi, iweke juu ya upeo wa kusini: ncha iko juu ya ngumi hiyo. Mnazi mmoja unatosha kuiziba. Na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu, katika umande wa pwani mara nyingi haionekani kabisa.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji kichwa cha stendi kinashuka hadi digrii ngapi. Vipo vinavyoishia 15, na hivyo havitufai hata vikiwa vya bei kali. Uliza pia kama mota inageuzwa kufuata anga la kusini, kwa sababu ikiwekwa upande wa kaskazini inazunguka kinyume na kuzidisha mistari. Jaribu mchana, sebuleni: weka digrii 10, funga mzigo wote, zungusha taratibu uone kama fimbo ya uzito haigongi mguu wa stendi. Kutafuta ncha tumia Msalaba wa Kusini, ambao jioni za Mei na Juni husimama wima. Pima urefu wa mti wake mrefu, kutoka kichwani hadi mguuni, kisha endelea kushuka mara nne na nusu ya urefu huo. Dira ya simu isaidie tu, kwani hupotoka digrii chache na kusini halisi.

Bila mota bado unapata picha nzuri. Gawa 500 kwa urefu wa fokasi ya lenzi kwa milimita, si upana wake, jibu ni sekunde unazoweza kuacha wazi. Kamera yenye sensa ndogo, yaani kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, zidisha kwanza milimita kwa 1.5: lenzi ya 18 inakuwa 27, na 500 kwa 27 ni sekunde 18 hivi. Fungua lenzi hadi mwisho, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, hifadhi faili ghafi (RAW). Fokasi iweke kwa mkono juu ya nyota angavu, ukiikuza kwenye skrini mpaka iwe nukta ndogo kabisa, halafu bandika kipande cha gundi ya karatasi ili pete isisogee. Tumia saa ya kuchelewesha ili kidole kisitikise. Upepo wa kusi hautakuacha, basi ning'iniza katikati ya stendi kiroba chenye mchanga, na chini ya kila mguu weka kipande cha ubao usizame.

Umande ndio adui mkubwa wa pwani hii. Tarehe 7 Septemba 2025 nilikuwa Mikindani kwa kupatwa kwa Mwezi. Mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa 2:30 usiku hadi 3:52, dakika 82 za wekundu wa shaba. Fokasi niliihakiki jioni, na sikuigusa tena lenzi. Nilipofungua picha nyumbani, zile za katikati, ambazo ndizo nilizoziendea, zilikuwa kama zimepigwa nyuma ya maziwa, kwa umande uliotua kwenye lenzi. Tangu hapo kila baada ya dakika kumi namulika kioo kwa tochi nyekundu, kwa pembeni. Mkanda wa kupashia lenzi joto hutumia pawabenki ya kawaida. Ukiukosa, zungushia sponji nyembamba mbele ya lenzi, itokeze mara moja na nusu ya upana wake. Umande usiufute kwa kanga wala shati, kwa sababu chumvi na mchanga vilivyomo vinakwaruza. Na kama unalala chumba chenye kiyoyozi, toa vifaa nje saa nzima mapema vikiwa ndani ya begi lililofungwa.

Mahali, nenda mchana kwanza. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mwonyeshe mrija wenyewe, mwache achungulie. Tuko mpakani, na Msimbati kuna visima vya gesi. Mrija mrefu ulioinuliwa gizani na mtu asiyejulikana unatia watu hofu, nao wana haki ya kuhofu. Mwanga wa leza wa kuonyeshea nyota usiuelekeze kwenye ndege.

Ukiweka kambi kwenye mikorosho kati ya Juni na Septemba, muulize mwenye shamba lini anapuliza salfa, dawa ya mikorosho. Hupulizwa alfajiri majani yakiwa na umande, saa ileile unayofungasha. Unga ule wa njano hushuka taratibu na kukaa juu ya kila kitu kilicholowa, kioo kikiwamo. Ikiwa ni siku yake, funga saa 9 usiku. Vifuniko vivalishwe hukohuko nje, kila kitu kiingie begini kabla ya kupanda bodaboda, na darubini ya kioo ipakatwe, isiwekwe kwenye buti la basi chini ya magunia. Nyumbani acha begi limefungwa mpaka lipate joto la chumba, kisha lenzi ziingie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana pamoja na pakiti za silika, chembe zinazonyonya unyevu. Mchele usiutumie, una vumbi. Silika ya bluu ikigeuka ya waridi imeshiba maji: iweke kwenye kikaango juu ya moto mdogo, koroga mpaka bluu irudi, iache ipoe, irudishe ndooni.